Ulezi wa viluwiluwi vya nyuti

Nyuti wa Alpi (Ichthyosaura alpestris) ni amfibia wa Ulaya mwenye mkia, jamaa wa salamanda, anayefugwa pia kwenye akwaria za nyumbani. Jike hutaga mayai moja moja na kulikunja kila yai ndani ya jani la mmea wa majini. Mayai huhamishiwa chombo kingine mapema, kwa sababu wazazi huyala.

Kiluwiluwi huanguliwa baada ya wiki 2 hadi 4, kikiwa na urefu wa takriban sentimita 1. Mwanzoni hula kiini kilichobaki tumboni. Kikianza kuwinda, hushambulia kinachotikisika tu. Chakula kikavu hakikioni. Hapo ndipo walezi wengi hushindwa. Hulishwa vitoto vya artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi), kisha viroboto-maji. Artemia hufa upesi katika maji yasiyo na chumvi na kuyaozesha, hivyo masalia hufyonzwa kila siku kwa bomba jembamba. Maji ya bomba hutolewa klorini kwanza, na joto la nyuzi 15 hadi 20 hufaa.

Tofauti na chura, miguu ya mbele hutangulia kuota. Wenye njaa au waliosongamana hung'atana miguu na matamvua, yaani viungo vya kupumulia vinavyofanana na manyoya mekundu kando ya kichwa, ingawa mara nyingi viungo huota tena. Baada ya takriban miezi 3 matamvua husinyaa na mapafu hushika kazi. Nyuti mchanga asipopata jiwe au gome la kupandia, huweza kuzama na kufa.