Gari la zamani lenye turbo: Matengenezo kwanza, nguvu baadaye

Magari ya zamani yenye turbo yangali yakionekana katika barabara za Tanzania. Mengi yalitumika Japani kabla ya kuingizwa nchini. Miongoni mwake ni Subaru Impreza, Legacy na Forester zenye injini ya petroli ya EJ20, pamoja na Toyota Hilux Surf na Land Cruiser Prado zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Injini ya EJ20 ilianza kutumika katika Legacy mwaka 1989, ikafuata Impreza mwaka 1992 na Forester mwaka 1997. Ni dhahiri kuwa magari mengi ya kundi hili sasa yana umri wa miaka 20 au zaidi.

Wamiliki wengi, hususan vijana, huyatengeneza wenyewe nyumbani au kwa kumwita fundi uani. Wapo pia wanaokwenda mbali zaidi na kuongeza nguvu ya injini, kubadili mfumo wa ekzosi au kupachika injini nyingine. Ufundi wa namna hiyo hupunguza gharama na huwapatia vijana ujuzi wa kujiajiri. Hata hivyo, turbo haivumilii kazi ya kubahatisha. Makala haya yanaeleza namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, sababu za kuharibika kwake, na wajibu wa mmiliki kabla ya kurejesha barabarani gari lililofanyiwa mabadiliko.

Turbo ni nini

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Wazo hilo lilisajiliwa kama uvumbuzi mwaka 1905 na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Ndani yake kuna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza, nalo gurudumu la pili huvuta hewa safi na kuisukuma kwenye injini kwa presha. Hewa ikiwa nyingi, injini huweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na hivyo injini ndogo hutoa nguvu ya injini kubwa.

Hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Kwa sababu hiyo magari mengi yana kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Katika Impreza na Forester kifaa hicho hukaa juu ya injini, na tundu lililo juu ya boneti ndilo linalokipelekea upepo.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi wa injini ya petroli huweza kufikia nyuzijoto 900 za Selsiasi. Kinachoizuia shafti hiyo isisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa sekunde chache tu wakati injini inafanya kazi kubwa, bushi za turbo huanza kulika.

Kwa nini turbo huharibika

Mara nyingi turbo huharibika kutokana na kasoro iliyoanzia mahali pengine. Oili iliyochelewa kubadilishwa huungua na kuacha masizi yanayoziba bomba jembamba linaloipeleka kwenye turbo. Chujio la hewa lililochanika huruhusu vumbi na mchanga kula mapanga. Baadhi ya injini za EJ20 zina wavu mdogo ndani ya boliti ya bomba la oili, nao huziba bila mmiliki kujua.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Dereva aliyepanda mlima mrefu, kwa mfano Kitonga mkoani Iringa, kisha akazima gari mara tu anaposimama, huiacha oili iungue ndani ya turbo yenye moto mkali. Inashauriwa injini iachwe inguruma taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Aidha, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Mbeya, ulio mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, una presha ya hewa iliyo pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Ili kufikia presha ileile ndani ya injini, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi. Kasoro iliyojificha Pwani huweza kujitokeza huko.

Kubadili turbo bila kutafuta chanzo cha tatizo ni kupoteza fedha, kwa kuwa turbo mpya nayo itakufa kwa ugonjwa uleule.

Dalili za kuzingatia

Moshi wa buluu humaanisha oili inaungua, ama kupitia turbo au kupitia pistoni zilizochoka. Moshi mweusi huonesha mafuta yamezidi hewa, na mara nyingi chanzo ni mpira wa hewa uliopasuka au kuchomoka. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na joto huashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Kwa injini ya 1KZ-TE dalili hii ni nzito, kwa kuwa silinda hedi yake ya aluminiamu hujulikana kwa kupasuka gari linapochemsha.

Dalili nyingine ni mlio mkali wa filimbi ambao haukuwapo awali, kupungua kwa nguvu, na oili kuonekana kwa wingi ndani ya mabomba ya hewa. Injini ikiwa imepoa, fundi anaweza kuondoa bomba la hewa na kuitikisa shafti kwa kidole. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini mapanga yakigusa ukuta wa turbo, kifaa hicho kimekwisha.

Kazi za nyumbani na kazi za gereji

Mmiliki mwenye vifaa vya msingi na kitabu cha maelekezo ya gari lake anaweza kubadilisha oili, machujio na plagi, kukagua mipira ya hewa na kusafisha intakula. Kwa injini za petroli zenye turbo za umri huu, kubadilisha oili kila kilomita 5,000 ni tahadhari nzuri, kwa kutumia daraja la oili lililotajwa na mtengenezaji.

Anayebadili turbo azingatie mpangilio ufuatao. Kwanza, amwage oili yote na kufunga chujio jipya. Pili, abadilishe au asafishe bomba la kupeleka oili, na kuhakikisha bomba la kurudisha oili halijaziba. Tatu, kama turbo ya zamani ilivunjika, asafishe mabomba ya hewa, intakula na sampu, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyobaki huharibu injini nzima. Nne, asipake silikoni kwenye viunganisho vya oili, maana mabaki yake hukatika na kuziba njia. Tano, atie oili ndani ya turbo mpya kabla ya kuifunga, kisha azungushe injini kwa stata bila kuiwasha hadi presha ya oili ipande. Baada ya hapo injini iachwe inguruma kwa dakika kadhaa bila kukanyagwa.

Kazi za kufungua silinda hedi, kubadili mkanda wa taimingi na kurekebisha kompyuta ya injini zifanywe na fundi mwenye ujuzi wa injini husika. Mkanda wa taimingi wa EJ20 ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Kuongeza nguvu

Njia rahisi inayowavutia wengi ni kuongeza presha ya turbo kwa kufunga vali ya bei nafuu. Hatari yake ni kwamba hewa huongezeka ilhali petroli haiongezeki kwa kiwango kinachotakiwa. Mchanganyiko huo hupandisha joto na kusababisha petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Mlipuko huo huvunja kingo za pistoni, na injini hunoki ndani ya muda mfupi.

Aina ya petroli nayo ni jambo la msingi. Viwango vya Japani hutambua petroli ya kawaida yenye okteni isiyopungua 89 na petroli ya daraja la juu yenye okteni isiyopungua 96. Magari mengi ya Kijapani ya petroli yenye turbo yalitengenezwa kwa ajili ya daraja la juu. Anayetumia petroli yenye okteni ya chini kuliko iliyotajwa na mtengenezaji amekwisha kupunguza akiba ya usalama ya injini yake, hata kabla ya kuongeza chochote.

Mabadiliko mawili yanayoonekana madogo yanahitaji tahadhari. Kufunga ekzosi iliyo wazi huweza kupandisha presha ya turbo kupita kiwango, kwa kuwa moshi hupita haraka kuliko uwezo wa vali ya kuupunguza. Vali inayopuliza hewa nje kwa kishindo dereva anapobadili gia nayo huichanganya kompyuta katika magari yenye sensa ya kupima hewa. Kompyuta huwa imekwisha kuihesabu hewa hiyo na kuipangia petroli yake, hivyo injini hupokea petroli iliyozidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza nguvu, gari lipimwe mgandamizo wa silinda, presha ya oili, mfumo wa kupoza na uvujaji wa hewa. Breki, matairi na bushi za miguu vifuate. Gari lenye nguvu mpya na breki za zamani ni hatari kwa dereva, abiria na watembea kwa miguu.

Usalama uani

Gari lisiinuliwe kwa jeki pekee. Likishainuliwa liwekwe juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu na tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Kabla ya kugusa mabomba ya petroli, nguzo hasi ya betri ichomolewe, na jiko la mkaa, sigara na watoto wawe mbali. Kizima moto kiwe karibu. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Sheria, usajili na bima

Kadi ya gari hubeba taarifa za chombo, ikiwemo namba ya injini, ukubwa wake na rangi. Mmiliki anayebadili injini au rangi anapaswa kuwasilisha taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe. Ni muhimu kutunza risiti na nyaraka za injini iliyonunuliwa, kwa kuwa injini isiyo na nyaraka huweza kumwingiza mnunuzi katika tuhuma za wizi.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha maisha. Kelele nazo zina mipaka chini ya kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sailensa iliyoondolewa ni kero kwa wagonjwa, wanafunzi na majirani.

Bima dhidi ya madhara kwa mtu wa tatu ni lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Mmiliki aijulishe kampuni ya bima kuhusu mabadiliko makubwa aliyoyafanya, kwa kuwa taarifa iliyofichwa huweza kuzua mgogoro wakati wa kudai fidia. Familia isiyo na hatia ndiyo huumia zaidi mgogoro huo unapotokea.

Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro, shimo au ardhini. Ikusanywe kwenye dumu lenye mfuniko na kukabidhiwa kwa wakusanyaji walioidhinishwa.

Mafundi na ujuzi

Mafundi waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi wanaweza kupimwa na kupewa vyeti kupitia utaratibu wa urasimishaji ujuzi wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Cheti hicho humsaidia mwananchi kumtambua fundi aliyethibitishwa, na humsaidia fundi kupata kazi kwa uhakika. Wamiliki wanashauriwa kudai risiti kwa kila kipuri wanachonunua, na kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC) wanapobaini vipuri au oili bandia.

Gari la miaka 20 linaweza kuihudumia familia kwa miaka mingine mingi endapo litatunzwa kwa utaratibu. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya kuongeza nguvu itumike kwanza kwenye oili safi, mfumo wa kupoza na breki. Gari likishakuwa salama, mmiliki ndipo aamue, kwa ushauri wa fundi, kama lina haja ya nguvu zaidi.