Wizi wa Ubunifu na Majirani Zake

Vyuoni kosa hili limezoeleka kuitwa wizi wa maandishi, na kwa tasnifu ya mwanafunzi jina hilo linatosha. Kwa nembo halitoshi, wala kwa bango la tamasha, jalada la kitabu au kanga. Huko anayeibiwa ni mtu aliyepanga maumbo, rangi na nafasi, na pengine hakuna hata herufi moja iliyoguswa. Wasanifu wa michoro wakilalamika husema tu "kaniibia dizaini". Mimi nauchukua usemi wao kama ulivyo na kuupa vazi la istilahi: wizi wa ubunifu. Kazi iliyobaki ni kuulinda mpaka wake, maana umezungukwa na majirani wanaofanana nao, na kila siku mtu anatuhumiwa kwa jina lisilo lake.

Dhana yenyewe ni ya kale. Neno la Kilatini plagiarius lilimtaja mtu anayeteka watoto au watumwa wa wenzake. Katika karne ya 1 mshairi wa Roma, Martial, alimvurumishia neno hilo mtu aliyezighani tungo za Martial na kujidai kuwa yeye ndiye mtunzi. Martial hakuchukia tungo zake kughaniwa, kwani mshairi gani hataki? Alichukia kuona zimepewa baba mwingine. Hapo ndipo moyo wa istilahi hii ulipo: chanzo kimefichwa, na aliyekificha anavuna sifa au malipo ya mwenyewe.

Ukilishika hilo, kughushi kunajitenga kwenyewe, kwa kuwa kunakwenda kinyume. Mghushi hutengeneza kazi yake akaipa jina la mtu mkubwa; mwizi wa ubunifu huchukua kazi ya mwingine akaipa jina lake. Kunakili nako ni kitendo tu, hakina hukumu ndani yake. Mwanafunzi ananakili, karani ananakili.

Jirani anayeonewa zaidi ni kuiga. Wapo wanaotafsiri wizi huu kuwa uigaji, nami napinga kwa nguvu zote, kwa sababu katika ufundi wetu kuiga ndiko kujifunza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alipofariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake wachache, nao wakawafundisha wengine. Chui, ndege wa shingo ndefu, usuli wa rangi moja, nukta zilizojaa mwilini mwa mnyama: vyote waliviiga kweupe, na mtindo mzima ukaitwa kwa jina la mwanzilishi. Mchoraji wa leo anayechora chui wa Tingatinga na kusaini jina lake mwenyewe haibi kitu, maana jina la mtindo linakitaja chanzo kila linapotamkwa. Akisaini "E. S. Tingatinga", ameghushi. Na je, akichukua picha fulani ya mwenzake wa karakana, akaihamisha ilivyo, kiboko palepale na mti palepale, kisha akaweka saini yake? Najua wapo mafundi watakaosema ndiyo kawaida ya kazi. Mimi nasema mtindo ni wa wote, lakini mpangilio ule ulikuwa na mwenyewe.

Mfano ninaoutegemea zaidi unatoka Japani, kwa sababu ndani ya kisa kimoja mna karibu kila kitu tunachohitaji kukitofautisha. Julai 2015 waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 walizindua nembo ya msanifu Kenjiro Sano: herufi T yenye nguzo nyeusi katikati, kipande cha dhahabu juu kushoto, cha fedha chini kulia, na duara jekundu juu kulia. Haukupita muda, msanifu wa Ubelgiji, Olivier Debie, akasema inafanana na nembo aliyouchorea ukumbi wa maigizo wa Théâtre de Liège. Ukiziweka pamoja unaona mifupa ni ileile, nguzo iliyosimama na vipande vya pembeni vyenye mkunjo. Lakini ile ya Liège inaunganisha T na L, haina duara jekundu wala rangi hizo. Sano alikana kuwahi kuiona, na haikuwahi kuthibitishwa kwamba aliiona. Nembo ya herufi moja ina njia chache za kupita, na watu wawili wasiojuana wanaweza kukutana humo. Huko ni kufanana. Kufanana kunatosha kumfanya mtu aulizwe, hakutoshi kumtia hatiani.

Agosti mambo yakawa mengine. Kampuni ya vinywaji ya Suntory iliondoa miundo 8 kati ya 30 ya mikoba ya zawadi iliyotoka ofisini kwa Sano, naye akakiri kwamba wasaidizi wake walikuwa wamefuatisha kazi za watu wengine. Hapa hakuna mjadala wa njia chache. Mchoro wa mtu umechukuliwa, umefuatishwa, umepelekwa kwa mteja kama kazi ya ofisi. Tarehe 1 Septemba nembo ya Olimpiki ikafutwa, na naamini mikoba iliiangusha zaidi kuliko Liège ilivyoiangusha.

Aprili 2016 ikachaguliwa nembo ya Asao Tokolo, na chanzo chake kilitajwa waziwazi: ichimatsu moyo, pambo la miraba lililopendwa Japani zama za Edo. Tokolo hakulibandika lilivyo. Alilivunja katika pembenne za aina tatu, 45 kwa jumla, za rangi ya nili, akazizungusha zikafanya pete. Kwa nembo ya Paralimpiki akazipanga upya zilezile 45. Alichochota unakiona, na alichoongeza unaweza kukigusa kwa kidole.

Hii ndiyo ninayoiita ilhamu. Wengine husema hamasa, lakini hamasa ni ari ya kutenda. Msukumo nao unakuja karibu, ila unaweza kutoka kwa njaa au kwa bosi. Ilhamu inataja kitu kilichoingia moyoni na kuzaa kingine, na wasioupenda uzito wake wa kidini wana kitenzi kizuri cha kuchota: "rangi nimezichota kwenye kisutu". Pambo la kanga ya kisutu halina mtunzi mmoja anayejulikana, kwa hiyo kauli hiyo haimdhulumu mtu. Anayesema rangi zile na pambo lile ni ubunifu wake, huyo ameiba, hata kama hakuna wa kumshtaki.

Ndiyo maana tusiuchanganye wizi huu na uvunjaji wa hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa 1994 unasema hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Anayechapisha fulana zenye mchoro wa mtu, jina la mchoraji likiwa limeandikwa, lakini bila idhini yake, amevunja sheria bila kuficha chanzo. Mizani ni mbili.

Kwenye ofisi zetu jambo hili huanza mteja anapotoa simu yake, akaonyesha nembo ya kampuni ya mbali na kusema, "Nataka kama hii." Msanifu amwulize amependa nini humo: utulivu wa rangi, wembamba wa herufi, au lile umbo lenyewe? Rangi na wembamba vinachoteka. Kama ni umbo lenyewe, amweleze palepale kwamba lina mwenyewe, na siku ya kukabidhi kazi aambatanishe karatasi inayotaja kila picha aliyoitazama akiwa anachora.