Hila za Wenye Mali: Habari za Vita vya Siri Dhidi ya Uharamia wa Mtandaoni

Mwaka 1999, kijana wa Kimarekani aitwaye Shawn Fanning alipoitoa programu ya Napster, ambayo kwayo watu wasiojuana kwa sura wala kwa jina waliweza kupeana nyimbo kutoka kompyuta hata kompyuta pasipo mtunzi kupata senti moja, wenye hakimiliki walifikwa na hasara ambayo mtu mwenye insafu hawezi kuibeza. Mtunzi huishi kwa kalamu yake na mwimbaji kwa sauti yake, na anayejitwalia matunda ya kazi yao bila ya idhini huwadhulumu, ijapokuwa hakuvunja mlango wala hakuchomoa kisu. Nalisema jambo hili mwanzo kabisa, asije msomaji akadhani kwamba yafuatayo ni utetezi wa maharamia. Nataka kueleza jinsi wenye haki walivyoitafuta haki yao kwa siri, na jinsi siri hiyo ilivyowadhuru watu wasiokuwa na hatia.

Kwanza walikwenda mahakamani, nayo mahakama iliwasikiliza, hata Napster ikafungwa mwezi wa Julai 2001. Lakini mitandao iliyofuata, kama vile Gnutella, haikuwa na orodha moja iliyowekwa mahali pamoja, ambayo hakimu angeweza kuamuru ifutwe. Basi makampuni yakaajiri mawakala wa kumwaga faili bandia mtandaoni, zenye jina la wimbo kwa nje na kelele au kimya kitupu kwa ndani, ili mpakuaji achoke. Mwezi wa Aprili 2003 waliokuwa wakizitafuta nyimbo mpya za Madonna kwa njia ya wizi walikutana na sauti yake mwenyewe ikiwakemea. Kisha wadukuzi wakalipiza kwa kuivamia tovuti yake na kuzitandaza humo nyimbo za kweli. Katika hila hii ya faili bandia sioni kosa kubwa, maadamu anayehadaiwa ni yule aliyekuja kuchukua kisicho chake, na hakuna kompyuta ya mtu iliyoingiliwa.

Walakini tamaa ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 25 Julai 2002, Howard Berman, mjumbe wa California katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliwasilisha mswada uliokusudia kumkinga mwenye hakimiliki asishitakiwe anapozuia au kuvuruga usambazaji wa kazi yake katika mitandao ya kupeana faili, hata kama kitendo hicho kingalikuwa kosa kwa mtu mwingine. Mswada huo ulikufa bila ya kupigiwa kura. Lakini ulikuwa ushahidi mzito, kwa sababu hakuna mtu anayeomba kinga kwa jambo ambalo tayari ni halali yake. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani ilikuwa imeharamisha kuingia katika kompyuta ya mwingine pasipo ruhusa, wala haikumtoa katika hukumu hiyo mtu aliyeibiwa. Hata hivyo, mwezi wa Juni 2003 seneta Orrin Hatch wa Utah, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti na yeye mwenyewe mtunzi wa nyimbo, alitamka hadharani kwamba angeridhia mpakuaji aonywe mara mbili, kisha kompyuta yake iharibiwe.

Yaliyokataliwa kwa mlango wa Bunge yaliingia kwa mlango wa duka la muziki. Sony BMG, kampuni iliyoundwa mwaka 2004 kwa ubia wa Sony na Bertelsmann, iliuza diski ambazo ndani yake mlikuwa na programu iitwayo XCP, iliyotengenezwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet. Mnunuzi alipoitia diski katika kompyuta yake ili asikilize muziki alioulipia kwa halali, programu ile ilijipandikiza katika kiini cha mfumo wa Windows, ikampimia nakala tatu tu za kutengeneza, kisha ikajificha: kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama fulani lilitoweka machoni pa mwenye kompyuta na machoni pa programu za kukinga virusi pia. Mkataba aliotakiwa kuukubali haukumweleza habari ya maficho hayo.

Aliyefichua siri ni Mark Russinovich, bingwa wa mfumo wa Windows, tarehe 31 Oktoba 2005, baada ya kuikuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Katika siku chache wahalifu walitoa programu zao haribifu zilizojisitiri chini ya pazia lile lile lililotandazwa na Sony BMG. Na zana ya kuondolea, ambayo kampuni iliitoa kwa haraka, ilionekana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton kuwa inafungua tundu kubwa kuliko la mwanzo. Ofisa mmoja mkuu wa kampuni alihoji redioni kwa nini watu wajali kitu ambacho wengi wao hawakijui hata ni nini. Aliyejibu vema kuliko wote alikuwa Stewart Baker, ofisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, aliyewakumbusha wenye makampuni kwamba mali ya ubunifu ni yao, lakini kompyuta si yao.

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Haramia aliyeupakua muziki ule bure mtandaoni hakupata kuguswa na XCP, kwa kuwa programu ile ilikaa katika diski tu. Aliyedhurika ni mnunuzi mwaminifu, na diski zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimekwisha nunuliwa. Novemba ile ile diski zikarejeshwa, jimbo la Texas likafungua shauri chini ya sheria yake mpya ya kupinga programu za ujasusi, na mwezi wa Januari 2007 kampuni ikapatana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwafidia walioharibiwa kompyuta zao, hadi dola 150 kila mmoja.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu pasipo haki, na imeharamisha vile vile kuvunja haki za mali ya ubunifu kwa njia ya kompyuta. Naona mpango huo ni mwema, kwa kuwa aliyeibiwa anaposoma kifungu kinachomlinda, hukikuta katika sheria ile ile kifungu kinachomwekea mpaka.

Huko Marekani, somo la diski zile za Sony BMG halikuwafikia wote. Kampuni ya MediaDefender, wakala mashuhuri wa faili bandia, ilikuwa ikiitumia kwa siri seva ya Revision3 ya San Francisco, ambayo ilitumia BitTorrent, njia ya kupeana faili, kusambaza vipindi vyake yenyewe kwa halali. Mwezi wa Mei 2008 Revision3 ilipoliziba tundu la kuingilia katika seva hiyo, mitambo ya MediaDefender iliimwagia maombi ya kuunganishwa hadi 8,000 kwa sekunde, hata tovuti na barua pepe za ofisi zikazimika. MediaDefender ilisema haikukusudia.

Kisha wakaja mawakili wa kundi la Prenda, ambao walizipandisha wao wenyewe filamu za ngono mtandaoni, wakawangoja wapakuaji, na kuwatisha kwa mashtaka ili walipe kwa kuogopa fedheha. Kwa hila hiyo walikusanya mamilioni ya dola. Mwaka 2019 mmoja wa mawakili hao, Paul Hansmeier, alihukumiwa kifungo cha miaka 14 na mwenzake John Steele miaka 5, nami sioni kosa katika hukumu hizo. Lakini Sony BMG, iliyoingia kwa siri katika kompyuta za watu wengi kuliko walionaswa na mawakili hao, ilitoa fedha tu, na hakuna ofisa wake aliyehukumiwa kwa jinai, tofauti ambayo sijapata bado kumsikia mwanasheria akiieleza kwa namna ya kuniridhisha.