Hess, Makaa na Jibu Lisilopimika

Juzi mwanafunzi mmoja hapa kambini aliniuliza: "Mwalimu, kama joto lenyewe halipimiki, sasa kitabu kimelijuaje?" Swali zuri, na jibu lake lina historia.

Germain Henri Hess alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1802. Akiwa bado mtoto mdogo, familia yake ikahamia Urusi. Huko akakulia, akasomea udaktari Dorpat, akatibu wagonjwa Irkutsk, kule Siberia, kisha akafanya kazi ya kemia St Petersburg. Mwaka 1840 alitangaza alichokiona katika vipimo vyake: mmenyuko wa kikemia upite hatua moja au hatua tano, jumla ya joto ni ileile. Kinachohesabika ni pale ulipoanzia na pale ulipoishia. Mayer alichapisha hoja yake ya nishati kutopotea mwaka 1842, yaani Hess alishatangulia.

Tuchukue makaa. Kaboni gramu 12, yaani moli moja, ikiungua yote mpaka kuwa kaboni dayoksidi, inatoa joto la kilojuli 393.5. Je, ikiishia njiani kwenye kaboni monoksidi? Kupima moja kwa moja ni shida, maana sehemu yake huungua mpaka mwisho. Basi tunazunguka. Moli moja ya kaboni monoksidi ikiungua hutoa kilojuli 283.0. Chukua joto la mwako la ulichoanza nacho, toa joto la mwako la ulichokipata: 393.5 − 283.0 = 110.5. Kwenye enthalpia tunaandika −110.5, kwa sababu joto limetoka.

Sasa hesabu hiyo ipeleke jikoni. Kaboni inayoishia kwenye kaboni monoksidi, kwa kukosa hewa ya kutosha, inampa mama chini ya theluthi ya joto lake. Lililobaki linaondoka ndani ya gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Usiku wa baridi tunaingiza jiko ndani, tunafunga mlango, tunasema, "Si moshi umeisha?" Moshi umeisha kweli, lakini gesi bado ipo.

Ndugu zangu, jiko lilale nje. Nanyi mnaotugawia majiko na makaa, mtueleze na jambo hili siku ileile ya mgao. Mwanafunzi wangu ameshaenda kumwonyesha mama yake ile hesabu.