Hobbiton: kijiji cha sinema kilichobaki kwenye ferme ya kondoo

Katika inchi ya Nyuzilandi, karibu na muji mudogo wa Matamata, kuna kijiji chenye milango 44 ya duara, yenye rangi ya kijani, manjano, buluu na nyekundu, imepachikwa kwenye vilima. Bustani zina mboga za kweli, nguo zimeanikwa kwenye kamba, lakini hakuna mutu anayelala pale. Kijiji kinaitwa Hobbiton. Kilijengwa kwa ajili ya filme za The Lord of the Rings, kisha zile za The Hobbit, zote za Peter Jackson, muzaliwa wa inchi hiyo. Kila mwaka watu mamia ya maelfu wanalipa feza ili kukitembelea.

Kwa wale ambao hawajaziona: hobbit ni watu wafupi wa hadithi, wenye manyoya kwenye miguu, wanaopenda kula, kulima bustani na kuishi bila kelele. Nyumba zao zimechimbwa ndani ya vilima. Aliyewabuni ni mwandishi Muingereza J.R.R. Tolkien, ambaye alizaliwa hapa Afrika, Bloemfontein katika Afrika ya Kusini, mwaka wa 1892. Kitabu chake cha kwanza juu yao kilitoka 1937, na kile kikubwa kati ya 1954 na 1955. Filme tatu za kwanza zilitoka 2001, 2002 na 2003, na ile ya tatu ilipata zawadi 11 za Oscar kwa usiku mumoja.

Wageni wengi wanafika wakiamini kwamba wanaona kile kijiji chenyewe cha filme ya 2001. Sivyo. Kile kilijengwa ili kibomolewe, na sehemu kubwa ilibomolewa kweli. Kinachoonekana leo ni kijiji cha pili, mahali pale pale pa kwanza.

Vilima visivyo na nguzo za umeme

Mwaka wa 1998, watu wa Jackson walizunguka na ndege wakitafuta mahali panapofanana na inchi ya hobbit. Walihitaji vilima laini, maji, muti mumoja mukubwa, na zaidi ya yote, mahali pasipo nyumba, barabara wala nguzo za umeme. Wakaona ferme ya familia ya Alexander: ekari 1,250, ni kusema karibu hektari 500, na maelfu ya kondoo pamoja na ng'ombe wa nyama. Mukaaji wa Masisi akionyeshwa picha za pale hatashangaa sana: malisho ya kijani yanayopanda na kushuka, ukungu wa asubuhi, ng'ombe mbali kwenye muteremuko. Atauliza tu kondoo wote wale wanatoka wapi.

Kazi ilianza mwezi wa tatu 1999 na kuchukua miezi tisa. Jeshi la Nyuzilandi lilileta mashine zake na kupasua barabara ya kilomita moja na nusu hadi ndani ya ferme. Jeshi kutengeneza barabara kwa ajili ya filme, hilo kila msomaji atalipima mwenyewe. Watu wapatao 400 walikuwa pale siku za kazi nyingi. Wakapanda maua na mboga mapema ili vikue, vionekane vya miaka.

Lakini nyumba zenyewe zilikuwa uso tu. Zilitengenezwa kwa mbao zisizotiwa dawa, tripleksi, na frigoliti, ile kitu nyeupe nyepesi ambayo televizyo mupya inafungwa nayo ndani ya karto. Nyuma ya mulango hakukuwa na kitu. Mambo yote unayoyaona ndani ya nyumba, meza, jiko, viti vidogo, yalipigiwa filme katika studio za muji wa Wellington, mwendo wa saa nyingi kwa gari.

Ujanja mwingine uko kwenye vipimo. Milango haikujengwa kwa ukubwa mumoja. Kuna midogo sana: mutu wa kawaida akisimama mbele yake, anaonekana jitu, na njo hapo alisimama mchawi Gandalf. Kuna mingine karibu ya ukubwa wa kawaida: mbele yake mchezaji anaonekana mufupi, sawa hobbit. Macho yetu yanadanganywa na mulango, si na kompyuta.

Jackson alikuwa mugumu kwa mambo madogo. Juu ya nyumba ya Bilbo alitaka muti wa mwaloni, na pale haukuwepo. Wakakata mumoja mahali pengine, wakaandika namba kwenye kila tawi, wakausafirisha na kuuunga tena juu ya kilima, kisha wakaufunga majani ya bandia kutoka Taiwan. Kondoo wa ferme nao hawakumupendeza, akataka wale wa uso mweusi wanaofanana na wa Uingereza, na wakaletwa. Kitabu kinasema watoto walikula matunda ya plamu. Miti iliyopandwa ni ya tofaa na peasi, ikavuliwa majani na matunda yake, na kuvishwa ya bandia. Kwenye filme, sehemu hiyo inapita haraka sana, ukipepesa macho hukuiona.

Mvua na tripleksi nyeupe

Makubaliano ya kwanza yalikuwa wazi: filme ikiisha, kompani inabomoa kila kitu na kurudisha majani ya kondoo. Wabomoaji walianza. Kisha mvua kubwa ikanyesha, mashine zikashindwa kutembea kwenye matope, kazi ikasimama. Wakati huo nyuso 17 zilikuwa bado zimesimama kwenye vilima.

Hapo filme ya kwanza ikatoka, na watu wakaanza kufika kwenye ferme wakiuliza njia. Familia ikaomba ruhusa, na kutoka mwezi wa kumi na mbili 2002 ikaanza kutembeza wageni. Inafaa kufikiri kidogo ni nini wageni hao walikuwa wanaona: matundu kwenye kilima, yamezibwa na tripleksi nyeupe, bila rangi, bila maua, bila mulango, na kondoo wakipita katikati. Muongozaji alikuwa analazimika kueleza kwa mudomo kila kitu kilichokuwa pale. Watu walilipa, na wakarudi kwao wakawaambia wengine.

Njo maana Jackson aliporudi mwaka wa 2009 kutafuta mahali pa kupigia filme za The Hobbit, wenye ferme hawakuwa tena wale wa 1998. Walikuwa wamepata miaka saba ya kuhesabu wageni. Safari hii kijiji kilijengwa kwa vifaa vya kudumu, kazi ya miaka miwili, na biashara ya utalii ikawa ya ushirika kati ya familia na upande wa Jackson. Hata ule mwaloni ulitengenezwa upya, kwa chuma na silikoni, na majani karibu laki mbili yaliyofungwa moja moja. Nyumba ya vinywaji, Green Dragon, ilifunguliwa kwa wageni mwaka wa 2012. Kondoo hawakufukuzwa: ferme bado inafuga, na basi la wageni linapita kati ya malisho.

Sheria iliyobadilishwa kwa siku chache

Kuna upande ambao waongozaji hawausimulii sana. Mwaka wa 2010, kabla ya The Hobbit kuanza, sendika ya wachezaji wa filme iliomba mazungumuzo juu ya masharti ya kazi, na wachezaji wa inchi nyingine wakaambiwa wasitie sahihi kwanza. Warner Bros., kompani kubwa ya Marekani yenye feza za filme hizo, ikatisha kuhamishia kazi inchi nyingine. Wafanyakazi wengine wa sinema waliandamana, si kwa ajili ya sendika, bali kuomba filme isiondoke, kwa sababu mushahara wao ulikuwa humo.

Wakubwa wa Warner Bros. walifika Wellington, wakakutana na waziri mukuu John Key. Ndani ya siku chache, mwezi wa kumi 2010, bunge lilipitisha sheria kwamba mutu anayefanya kazi kwenye filme anahesabiwa kama mwenye kibarua cha kujitegemea, si mufanyakazi wa kompani, isipokuwa mukataba wake useme vingine. Serkali ikaongeza pia musaada wa kodi kwa kompani. Filme zikabaki, kijiji kikajengwa. Ilichukua hadi 2022 ndipo sheria nyingine ikawarudishia wafanyakazi wa sinema haki ya kujadiliana kwa pamoja. Wengine wanasema serkali iliokoa kazi za watu, wengine wanasema iliuza sheria ya inchi kwa kompani ya kigeni. Mabishano hayo hayajaisha, na haki ya kusema haiko upande mumoja.

Namna ya kutembelea

Kutoka Auckland, muji mukubwa wa inchi, ni karibu saa mbili kwa gari. Hakuna kuingia kiholela: mugeni ananunua tiketi mapema kwenye intaneti, anapanda basi la ferme na kufuata muongozaji kwa karibu saa mbili na nusu. Tiketi ya mutu mukubwa inapita dola 100 za Nyuzilandi. Dola hiyo iko chini ya ile ya Marekani tunayotumia hapa. Matembezi yanaisha Green Dragon, kwa kikombe cha bia au cha tangawizi isiyo na pombe. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2023 kuna nyumba mbili ambazo mutu anaweza kuingia hadi ndani, kukaa kwenye kiti, kugusa vyombo. Nyingine zote, ukifungua mulango unakutana na udongo. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji visa kabla ya kusafiri.

Mahali ambapo hakuna kilichobaki

Hobbiton ni ya pekee. Sehemu nyingine nyingi za filme hizi zilirudishwa namna zilivyokuwa. Kwenye kilima cha Mount Sunday, katika kisiwa cha kusini, walijenga muji mukuu wa wafalme wapanda farasi, Edoras, katikati ya upepo mukali. Baada ya kazi wakaondoa kila ubao. Wanaopanda pale leo wanakuta majani, muto na milima yenye theluji, na wengi wanasema inatosha.

Halafu kuna Ngauruhoe, volkano ya mita 2,287 ndani ya hifadhi ya Tongariro, ambayo filme iliifanya mulima wa moto wa adui. Watu wa Goma wanaoishi chini ya Nyiragongo wataelewa: kwa Wamaori wa kabila la Ngāti Tūwharetoa, mulima ule si pambo. Vilele vyake ni vitakatifu, na mwaka wa 1887 chifu wao, Horonuku Te Heuheu Tukino, alivikabidhi kwa serkali ya kikoloni ya Uingereza vilindwe visikatwe viwanja na kuuzwa. Kwa heshima hiyo kilele chenyewe hakikupigiwa filme; walitumia mifano midogo na kompyuta. Filme zilipopata sifa, watalii wakaanza kupanda kwa wingi hadi juu, wakitafuta mahali ambapo pete ilitupwa. Wasimamizi wa hifadhi, pamoja na Ngāti Tūwharetoa, sasa wanawaomba wapite njia ya chini na kuacha kilele.