Majina ya .ke na safari ya nakala

Leo tuache programu mpya tuongee historia kidogo.

Wengi hudhani intaneti ni nyaya na minara tu. Nyuma ya hizo nyaya kuna madaftari. Kuna daftari linalosema jina fulani la tovuti liko kwenye namba gani. Kuna daftari la ofisini linalosema nani ni mfanyakazi na anaruhusiwa kufungua nini. Madaftari haya ndiyo saraka. Kuandika saraka ni rahisi. Kazi ni kuiweka Nairobi, Nakuru na ng'ambo kwa wakati mmoja, na zote ziseme neno moja. Hapo yanazuka maswali mawili: nani ana asili, na nakala iaminiwe kwa muda gani asili isipopatikana?

Tuanze na daftari letu wenyewe, .ke. Lilikabidhiwa mwaka 1993. Msimamizi wake alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, aliyekuja kuwa mbunge, na mambo ya ufundi yalishikwa na Randy Bush aliyekuwa Marekani.

Kumbuka barabara ya data ilivyokuwa siku zile. Sisi wa Bonde la Ufa tunayajua yale masahani makubwa ya Longonot, kituo cha setilaiti kilichofunguliwa 1970. Setilaiti za aina ile huwa juu kilomita kama 36,000. Wimbi kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, kwa hiyo swali kwenda Marekani na jibu kurudi ni nusu sekunde, hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Hadi kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, setilaiti ndiyo iliyokuwa njia yetu kuu ya kutoka.

Hata data ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilipanda angani, ikafika ng'ambo, ikarudi! Ndiyo sababu watoa huduma wa intaneti walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data, mwezi Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na tume ya mawasiliano CCK ikakifunga kituo Desemba hiyo hiyo. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Lakini kubadilishana data nyumbani hakutoshi kama daftari la majina haliko nyumbani. Chukua mtu wa Nakuru anayetafuta tovuti iliyoko Nairobi. Kompyuta yake huuliza kwanza: jina hili liko wapi? Tuseme nakala zote za .ke ziko ng'ambo na setilaiti imekatika. Majibu yaliyohifadhiwa yakishapitwa na muda, hakuna wa kumjibu. Mashine anayoitaka inawaka, iko kilomita 160 tu kutoka alipo, na njia ya kwenda huko ni nzima. Ila haipatikani kwa jina.

Mwaka 2002 ikaundwa KENIC, shirika lisilo la faida lenye wadau wa serikali na wa sekta binafsi. Desemba mwaka huo IANA ikaidhinisha ikabidhiwe .ke, na 2003 ikaanza kazi. Asili ikawa nyumbani, nakala zikabaki pande nyingine za dunia.

Nakala zinajuaje zimepitwa? Utaratibu uliandikwa mwaka 1987 na haujabadilika sana. Daftari lina namba ya toleo, mara nyingi tarehe yenyewe, kwa mfano 2003070101. Seva yenye nakala huuliza kila baada ya muda uliopangwa: namba yako ni ngapi? Ikiwa imepanda, inavuta mabadiliko. Ikikosa jibu inajaribu tena. Ikikosa kwa muda mrefu mno inakata tamaa na kuacha kujibu kabisa. Mwongozo wa 1996 ulipendekeza muda huo uwe wiki mbili hadi nne. Mwaka huo huo kukaja njia ya asili kuzipigia nakala hodi, na ya kutuma yaliyobadilika tu badala ya daftari zima. Kwa nchi ya setilaiti hiyo haikuwa anasa.

Huko asili ni moja. Saraka za ofisini zilichukua njia nyingine. Active Directory ya Microsoft, iliyotoka na Windows 2000, inaruhusu kila tawi kuandika. Ofisi ya Nakuru ikibadili kitu na Nairobi ikabadili kile kile, toleo la juu hushinda, zikilingana saa ya karibuni hushinda. Lakini kati ya vituo mawasiliano hufanyika kwa zamu, na kama hujagusa mipangilio zamu ni kila dakika 180. Maana yake mtu aliyefungiwa akaunti Nairobi asubuhi anaweza kuingia Nakuru hadi saa tatu baadaye. Na tawi lililopotea mtandaoni kwa muda mrefu kuliko siku za kukumbuka vilivyofutwa (60 mwanzoni, baadaye 180) halifai kurudishwa hivi hivi. Litafufua marehemu.

Kwa hiyo mtu akikuuzia mfumo wenye matawi, usimwulize kasi kwanza. Mwulize asili iko wapi, nakala huulizana kila baada ya muda gani, na njia ikikatika wiki nzima nani bado atajibu. Kenya ililijibu swali hilo la mwisho kwa kurudisha daftari lake nyumbani, miaka sita kabla ya kebo kufika Mombasa.