Meseji Zilizofika Kombewa

Mama mdogo hajaitupa simu ya marehemu mumewe. Ni Nokia 1100, ile ya tochi kichwani, mulika mwizi, na siku hizi haiwaki hata ukiichaji usiku kucha. Ameiweka ndani ya kopo la majani chai, pamoja na kitambulisho cha baba mdogo na risiti ya jeneza. Betri imevimba. Nimemwambia mara mbili aitoe kabla haijapasuka, na mara zote mbili amenijibu, "Iache tu hapo, mwanangu."

Nataka kusimulia historia ya simu hiyo, au tuseme historia ya meseji zilizoingia ndani yake mwanzoni mwa 2008, na zile ambazo hazikuingia.

Baba mdogo alifanya kazi ya maua Naivasha. Walikaa Karagita, kwenye ploti za chumba kimoja kimoja, yeye, mama mdogo na watoto wawili. Kura ilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mengine mnayajua. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa na zaidi ya 350,000 waliofurushwa makwao. Naivasha ililipuka Jumapili ya tarehe 27 Januari. Familia ya baba mdogo ililala nje ya kituo cha polisi siku kadhaa, ikapata nafasi kwenye basi la kuja Kisumu, na kutoka hapo ikadandia pikapu kwa barabara ya Bondo hadi Kombewa, kwa Dani, nyanya yangu. Nilikuwa na miaka 11. Kwangu ilikuwa kama sikukuu: binamu zangu wamekuja na hakuna shule.

Serikali iliwaita wakimbizi wa ndani. Waliojaa kambini walionekana kwenye runinga, wakapelekewa hema na unga. Waliorudi kwa jamaa zao hawakuonekana, maana ukishaingia bomani kwa mama yako wewe si mkimbizi tena, wewe ni mtoto aliyerudi nyumbani. Huku Nyanza wengi walikuwa wa aina hiyo. Baba mdogo hakuwa amejenga nyumba yake, kwa hivyo wote wanne walilala kwenye simba yake ya ujana, chumba cha udongo ambacho Dani alikuwa amekigeuza banda la kuku. Watu 11, choo kimoja. Maji tuliteka kidimbwini, na kidimbwi kikikauka, ziwani.

Ninyi mliozaliwa na bando za intaneti, hebu fikirieni simu ya wakati huo. M-Pesa ilikuwa haijatimiza hata mwaka, ilianza Machi 2007. Kadi za bamba zilikuwa adimu Kisumu kwa sababu maduka yalichomwa au yaliporwa, na aliyekuwa nazo aliuza bei aliyotaka. Ndugu wa Nairobi walitusambazia kredo ya shilingi 50 jinsi mtu anavyotuma gunia la mahindi. Kwa njia hiyo hiyo zilikuja meseji za chuki, zile za kusema kabila fulani linapanga nini usiku wa leo, watumie watu kumi. Zilienea hadi serikali ikafikiria kuzima SMS kabisa, na inajulikana kwamba Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, aliishawishi iache kampuni itume meseji za amani badala yake. Mwezi huo huo wa Januari Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi. Mtu aliweza kutuma SMS kusema ni wapi kunachomwa, na doa likatokea kwenye ramani.

Ushahidi imesifiwa dunia nzima, na ilistahili. Lakini ramani ile ilionyesha moto. Kwa familia ambayo tayari ilikuwa imeukimbia moto, swali lilikuwa jingine kabisa: haya maji yananyweka?

Kipindupindu kiliingia Nyanza mapema mwaka huo. Baba mdogo alianza kuhara jioni moja baada ya kutoka sokoni. Kufikia usiku ilikuwa inatoka kama maji ya kuoshea mchele, hana hata nguvu ya kwenda chooni. Dani alimpikia uji, hakuweza kuumeza. Nakumbuka macho yake yalivyozama na nakumbuka vidole, vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Ugonjwa huo hauui kwa homa. Unaua kwa kukausha mwili, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuisha ndani ya saa chache.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama mdogo kwa nini hawakumpeleka hospitali usiku ule.

"Tungempeleka," akasema. "Lakini kulikuwa na meseji kwamba hospitali zimefungwa, manesi wametoroka, ukienda unafia kwa gate."

"Nani aliituma?"

"Si ilikuwa imeforwadiwa tu. Kila mtu alikuwa nayo."

Hospitali haikuwa imefungwa. Wahudumu walikuwa wachache na dawa zilikuwa chache, hilo ni kweli, lakini mlango ulikuwa wazi. Meseji iliyotoka kwa mtu asiyejulikana ilifika kwa baba mdogo Karagita na ikamfuata mpaka kitandani Kombewa. Ya kumwambia changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, unywe kidogo kidogo huku mkitafuta usafiri, hiyo haikufika. Sukari ilikuwepo. Chumvi ilikuwepo. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja afisa wa afya kwa baiskeli. Alikaa chini ya mwembe akatufundisha hesabu hiyo ya vijiko kwa Dholuo, akatuonyesha jinsi ya kutia dawa kwenye maji, akamfanya kila mmoja wetu arudie, hata mimi. Kisha akapanda baiskeli akaenda boma linalofuata. Binamu yangu mdogo alipoanza kuhara wiki hiyo, Dani alijua la kufanya. Binamu huyo leo anaendesha boda Kisumu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, nilikutana na utafiti uliochapishwa 2009 kwenye jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto, kuhusu kipindupindu cha magharibi mwa Kenya cha 2008. Niliusoma nikiwa nimesimama. Watafiti hawakuridhika na hesabu zilizoripotiwa na vituo vya afya, wakaenda wenyewe kuwatafuta wagonjwa na wafu. Waliokufa wakapatikana kuwa mara tatu ya walioripotiwa. Kiwango cha vifo kikapanda kutoka asilimia 5.5 hadi 11.4, kwa ugonjwa ambao ukitibiwa vizuri haufai kuua hata mtu mmoja kati ya mia. Kisha wakalinganisha waliokufa na waliopona. Waliolazwa hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Na waliokuwa wameelimishwa na mhudumu wa afya kuhusu kipindupindu, nao pia hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo zaidi.

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho mara kadhaa. Yule mtu wa baiskeli alikuwa dawa. Alichelewa tu.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa kutumia simu kwa kazi hiyo haukuwa wa miaka ya mbele. Ulikuwepo nchini mwetu, miezi ile ile. Kati ya 2007 na 2008 mradi wa WelTel ulikuwa unajaribiwa Pumwani, Kajiado na katika hospitali ya Coptic Nairobi, kwa watu walioanza dawa za ukimwi. Kila Jumatatu mgonjwa alipata SMS ya neno moja: "Mambo?" Alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na akijibu shida, au akinyamaza, nesi alimpigia. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumiwa meseji, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, na wale wengine, asilimia 50. Wala hawakutumiwa somo refu. Mtu aliwauliza mambo, akangoja jibu. Fikiria kama mtu angeiandikia "Mambo?" ile Nokia.

Baada ya hapo teknolojia ilikuja kwa wingi, lakini angalia ilielekea wapi. Mwaka 2013 na 2014 Wizara ya Afya ilijaribu mfumo wa mSOS katika vituo 135 vya Busia na Kajiado. Mhudumu akiona ugonjwa wa kuripotiwa mara moja, kama kipindupindu, anatuma SMS yenye alama maalumu na wakubwa wanapata taarifa papo hapo. Mfumo mzuri. Hapa kwetu Kombewa, watafiti wa KEMRI na Walter Reed wamekuwa wakipita boma kwa boma tangu 2007 wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Sina ugomvi nao, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa kwetu pia. Lakini habari hizi zote zinapanda. Zinatoka kwa mgonjwa kwenda juu, na zinapanda haraka. Kuteremka ndiko kuna kazi.

Na sisi tulikuwa wakimbizi wenye bahati. Tulikimbilia kwenye lugha yetu, na baba mdogo alikuwa na kitambulisho cha Kenya. Chukua mtu aliyevuka mpaka. Kwa miaka mingi karatasi za mkimbizi hazikukubalika kila mahali kusajili laini, kwa hivyo wengi walitumia laini iliyoandikishwa kwa jina la Mkenya fulani. Kwenye mtambo, mtu huyo hayupo. Kipindupindu kilizuka Dadaab Novemba 2015, kikarudi 2022. Corona ilipoingia, sisi wengine tulibonyeza *719# tukasoma dalili. Dadaab na Kakuma, ambazo serikali ilizifunga kwa kutoka na kuingia mwishoni mwa Aprili 2020, ilibidi habari zipite kwa vikundi vya WhatsApp vya viongozi wa mitaa, kwa SMS, kwa redio kama Gargaar ya Dadaab na Atta Nayeche ya Kakuma, na kwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa, wakizunguka na vipaza sauti. Kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili cha Kongo. Nikiona picha za watu hao na vipaza sauti vyao, naona baiskeli chini ya mwembe.

Mama mdogo sasa ni mhudumu wa afya ya jamii. Ni mmoja wa wale 100,000 waliopewa mkoba na simu Septemba 2023. Simu ya kazi ni ya kioo, anaifunga kwenye leso kama pesa. Anaingia boma, anauliza, anajaza, habari zinaenda.

Aprili 2025 Wizara ilipotangaza kipindupindu Migori, Kisumu na Nairobi, nilikuwa nyumbani kwa wikendi. Alinikuta nikinywa chai akanisukumia simu yake mwenyewe, si ile ya serikali.

"Niandikie ile ya vijiko. Kwa Dholuo. Iwe fupi, iingie kwa meseji moja."

Tulihangaika nayo nusu saa. Alikataa neno langu la "kijiko kidogo", akasema wazee wataelewa cha kupakulia mboga. Mwishoni mwake akaongeza kwamba hospitali iko wazi usiku na mchana, na akaandika jina lake. Nilimwambia jina halina haja, namba itaonekana. Hakunijibu, aliliacha pale pale.

Alituma kwa namba 38, kwa kredo yake. Tatu hazikupita. Asubuhi nilimwona akivaa viatu vya mpira kwenda kwa hizo tatu.